Fedha za msimu na vifaa vya kisasa: Mbinga na Nyasa wanunue nini kwanza?

Na Mwandishi Wetu, Mbinga

MSIMU wa kahawa unapopamba moto Mbinga, wachuuzi wa vifaa vya kisasa nao hupanda mlima. Malipo yakianza kutoka, mbele ya maduka hupangwa simu zenye vioo vikubwa, paneli za umeme wa jua, redio zenye taa za disko, runinga bapa, saa za mkononi zinazohesabu hatua na mikanda inayodaiwa kuyeyusha kitambi. Bidhaa hizo hizo huteremka hadi Mbamba Bay, Liuli na Lituhi kuwangoja wavuvi, ambao fedha yao haisubiri msimu mmoja kwa mwaka. Yao huja na usiku wa giza na kupungua mbalamwezi inapojaa.

Kwa kawaida ukurasa huu huwapa wasomaji habari za mazao yanayoondoka vijijini. Safari hii tunaitazama mizani upande wa pili, yaani vitu vinavyoingia. Mwandishi ni mpenzi wa mashine, na maoni yaliyomo humu ni ya mpenzi wa mashine anayejua pia kuwa fedha ya kahawa ikishatoka mfukoni hairudi hadi mwaka upite. Kwa hiyo kila kifaa tutakiuliza swali moja la kibiashara: kinaongeza kipato, kinapunguza hasara, au kinatia raha tu? Raha si dhambi, ila nayo ina bei.

KIPIMO NI KILO

Njia nzuri ya kupima bei ya kifaa ni kuacha kuihesabu kwa shilingi na kuihesabu kwa kilo. Tuseme simu inauzwa shilingi 200,000 na mkulima analipwa shilingi 5,000 kwa kilo ya kahawa iliyomenywa na kukaushwa. Simu hiyo ni kilo 40. Mkulima anajua fika kilo 40 ni miche mingapi, siku ngapi za kuchuma na vikapu vingapi vya kubeba kutoka bondeni. Mvuvi naye ahesabu kwa debe la usipa, dagaa wa Nyasa. Ukishaitazama simu kama kilo 40, utajua mara moja kama unaihitaji au imekuhadaa kwa rangi.

Hesabu hii ina umuhimu wa pekee Mbinga kwa sababu ya magoma. Wasiolijua neno hili waelewe kuwa magoma ni biashara ya kununua kahawa ikiwa bado mtini. Mkulima aliyebanwa na ada ya shule au mbolea katika miezi ya mwanzo wa mwaka huchukua fedha au bidhaa, na mavuno yakifika hulipa kwa kahawa kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga vita kwa miaka mingi, na bado haijafa, kwa kuwa shida inayoizaa haijafa.

Sasa tazama kinachotokea kifaa cha anasa kinaponunuliwa kwa njia hiyo. Simu ile ya shilingi 200,000, ikichukuliwa mwezi Februari kwa ahadi ya kahawa inayothaminiwa shilingi 2,000 kwa kilo, haiwi tena kilo 40. Inakuwa kilo 100. Mkulima amelipa simu mbili na nusu na kupewa moja. Hakuna ufundi wa kiwandani, uwe wa Japani, China au Korea, unaoweza kufidia tofauti hiyo. Kanuni ya kwanza ya ukurasa huu ni kwamba kifaa chochote cha umeme kisinunuliwe kwa magoma.

SIMU: HABARI NI BIDHAA

Wapo wanaosema simu ni anasa. Historia ya ufuko huu inawapinga. Agosti 1914, chombo cha kivita cha Waingereza kilichoitwa Gwendolen, kikiongozwa na nahodha Rhoades, kiliingia Liuli, ambako Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wake wenye umbo la ajabu. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Waingereza wakafyatua mzinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, ambaye alikuwa rafiki wa Rhoades, aliingia katika mashua ndogo na kumfuata akiwa amefura kwa hasira, akitaka kujua mwenzake amepatwa na nini. Habari kwamba Ulaya kumezuka vita ilikuwa haijamfikia. Rhoades alikwisha kuipata, pamoja na amri. Meli ikapotea kwa siku chache za kuchelewa kwa habari.

Katika soko la kahawa mambo hayakuwa tofauti sana. Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia katika soko huria msimu wa 1994/95, na chama kikuu cha ushirika cha MBICU kilipoanguka katika miaka hiyo ya 1990, mkulima wa Umatengo alibaki uso kwa uso na mfanyabiashara aliyejua bei ya dunia, hali yeye haijui. Na bei ya dunia ilikuwa ikirukaruka kama panzi. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil katikati ya mwaka 1994 na bei ikapaa. Mwaka 1997 kahawa ya arabika ilipita dola 3 kwa ratili katika soko la New York. Mwaka 2001 ilianguka hadi chini ya senti 50. Februari 2025 ilivuka dola 4, kiwango ambacho hakikuwahi kuonekana katika soko hilo. Asiye na habari katika soko la namna hiyo ni sawa na Berndt katika mashua yake.

Simu ya kitochi inatosha kupokea bei kwa ujumbe mfupi na kupokea fedha. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata, mkulima anaweza kulipwa bila kutembea na bunda la noti njiani. Simu ya kisasa inaongeza intaneti, ramani, picha na hali ya hewa. Lakini kifaa chake chenye faida kubwa kuliko vyote ni kile ambacho hata kitochi kinacho, nacho ni kikokotozi.

Mfano wa matumizi yake ni huu. Bei ikiwa dola 4 kwa ratili, zidisha kwa 2.2 upate bei ya kilo, yaani dola 8.80. Hiyo ni bei ya kahawa iliyokobolewa, na kahawa yenye ganda la ndani ikikobolewa hubaki karibu asilimia 80 ya uzito wake. Zidisha tena kwa 0.8 upate dola 7.04. Hapo ndipo pa kuanzia kutoa gharama za usafiri, ukoboaji, ushuru, riba na faida ya mnunuzi, huku ukikumbuka kuwa ubora nao hupandisha au kushusha. Haina maana mkulima atalipwa dola 7. Ina maana akiambiwa dola 2 anayo haki ya kuuliza nyingine zimekwenda wapi, na katika mkutano wa chama cha msingi swali hilo lina uzito kuliko kelele.

Kuhusu ununuzi, kamera kubwa na jina la kifahari visikupumbaze. Mambo matatu yanatosha: betri inayodumu siku nzima, nafasi ya kutosha ya kuhifadhi kumbukumbu, na uhalisi wa simu yenyewe. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano ilizima simu bandia nchi nzima, na wengi waliamka na vipande vya plastiki mkononi. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06# na ulinganishe namba inayotokea na ile iliyo kwenye kasha. Muuzaji akikuzuia, ondoka.

UMEME: JUA HALIDANGANYI, PANELI HUDANGANYA

Kwa miaka mingi Mbinga na Songea ziliwashwa kwa jenereta za dizeli. Njia kubwa ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyozinduliwa mwaka 2019, iliuunganisha mkoa na gridi ya taifa. Hata hivyo nguzo hazipandi kila kilima, na kaya nyingi za milimani na ufukweni zinategemea jua. Soko la paneli ndilo lenye ulaghai mwingi, kwa hiyo tuingie katika sayansi kidogo.

Jua la mchana mkali hutoa karibu wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri ya dukani hugeuza karibu moja ya tano tu ya nguvu hiyo. Hapana haja ya hesabu ngumu: chukua asilimia 20. Paneli ya mita moja ya mraba, basi, itatoa wati 200 hivi, na ya nusu mita wati 100. Paneli yenye ukubwa wa ukurasa wa daftari kubwa haiwezi kutoa zaidi ya wati 12 hata ikiandikwa 50 kwa wino wa dhahabu. Nenda dukani na futi ya kupimia. Urefu mara upana, kisha mara 200, na una jibu kabla muuzaji hajafungua mdomo.

Jambo la pili ni matumizi. Paneli halisi ya wati 50, ikipata saa nne za jua zuri, hukusanya saa-wati 200. Njiani na katika betri hupotea robo hivi, zikabaki 150. Taa nne za wati 5 zikiwaka saa nne zinakula 80. Simu mbili zikichajiwa zinakula 30. Zinabaki 40, na runinga ndogo ya wati 25 itawaka saa moja na nusu tu. Anayeuza paneli hiyo na kuahidi runinga usiku kucha, pasi na friji, anauza ndoto.

Tatu, betri. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiitumia kuwasha taa usiku kucha kila siku itakufa mapema. Betri ya asidi iliyotengenezwa kwa umeme wa jua isishushwe chini ya nusu. Zile mpya za lithiamu ni ghali wakati wa kununua lakini huvumilia kujazwa na kumalizwa mara nyingi zaidi, na ukigawa bei kwa miaka ya kazi mara nyingi zinakuwa nafuu.

Umatengo una bahati moja hapa. Paneli hupenda mwanga lakini haipendi joto. Ikipata moto, nguvu hupungua. Siku ya jua na baridi ya milimani huipa hali nzuri kuliko joto la Mbamba Bay. Hasara ya milimani ni ukungu, na dawa yake ni kununua paneli kubwa kidogo kuliko hesabu inavyodai.

ZIWANI: TAA, UPEPO NA UHAI

Ziwa Nyasa lina kina cha karibu mita 700 pahali palipo na kina kirefu, lakini samaki hawaishi kote. Chini ya mita 250 hivi maji hayana oksijeni, na maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kikamilifu. Rutuba huzama na kukaa huko kama fedha iliyofungiwa benki. Upepo wa mwera unapovuma katikati ya mwaka huyasukuma maji ya juu, na sehemu ya ile rutuba ikapanda. Vijimea hustawi, wadudu wadogo wakavila, na usipa wakala wadudu. Mwera huo huo unaowazuia wavuvi kwenda majini ndio unaowalishia samaki.

Usipa huvuliwa usiku kwa kuwavuta kwa mwanga. Zamani ilikuwa karabai na mafuta ya taa. Leo taa za LED zinazotumia betri zimeenea katika maziwa yetu. Huu ni uwekezaji ambao ukurasa huu unauunga mkono bila kusita. Karabai hula mafuta kila usiku, hupasuka utambi na kioo, na upepo huizima. Taa ya LED huchajiwa kwa jua la mchana. Mvuvi aandike gharama ya mafuta ya taa kwa siku 20 za giza, alinganishe na bei ya taa na betri, na ataona ni baada ya miezi mingapi kifaa kimejilipa.

Lakini kabla ya taa kuna jaketi la kujiokolea. Ziwa hili huchafuka ghafla, na mtumbwi uliojaa nyavu haubishani na wimbi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi katika maziwa makuu, Nyasa likiwemo, na utabiri huo husomwa redioni na kupatikana katika simu. Kusikiliza ni bure. Jaketi, likigawanywa kwa miaka litakayodumu, halifiki bei ya soda kwa wiki. Bado unaweza kumwona mtu mwenye spika kubwa katika mtumbwi na jaketi hana. Hapa hatutaki kucheka. Mvuvi akizama, kaya hupoteza mtaji na mwenye mtaji kwa usiku mmoja, na deni la nyavu halizami naye.

Kifaa kingine cha maana ufukweni hakina waya wala betri: chanja ya kuanikia. Usipa walioanikwa mchangani hubeba mchanga hadi sokoni, na mnunuzi hupunguza bei. Walioanikwa juu ya wavu ulionyanyuliwa kwa miti hukauka pande zote, hawana mchanga, na mvua ikija hufunikwa haraka. Sasa kwa kuwa lami inaunganisha Mbamba Bay na Mbinga, na kutoka Mbinga hadi Songea, mnunuzi wa mbali anafika kwa urahisi na anachagua. Dagaa safi ndiye anayepakiwa kwanza.

SAYANSI YA MLIMANI: MASHINE ISIYO NA INJINI

Mpenzi wa mashine akipita Umatengo hawezi kuacha kusimama mbele ya ngoro. Nyasi hukatwa mwishoni mwa masika na kulazwa kwa mistari inayokatana kama draft, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi. Hubaki mlima mzima wenye mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu wa mvua unaofuata huja zamu ya mahindi. Maji ya mvua huingia shimoni badala ya kuporomoka na udongo, na nyasi zilizozikwa huoza kuwa mbolea.

Katika miaka ya 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wa Chuo Kikuu cha Kyoto cha Japani walifika kuichunguza. Nchi inayotengeneza roboti ilituma wataalamu wake kujifunza shimo lililochimbwa kwa jembe la mkono. Kijana wa Mbinga anayeona haya kushika jembe kwa sababu ana simu ya kisasa akumbuke hilo. Na akumbuke pia kuwa kazi kubwa ya kuchimba ngoro ni ya kina mama, kwa hiyo wanapogawa fedha za msimu nao wawe mezani.

Katika kahawa, teknolojia yenye faida kubwa kuliko simu na paneli ni mche. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, iliyoanzishwa mwaka 2001 na yenye kituo kidogo Ugano wilayani Mbinga, imetoa aina za arabika zinazostahimili chule buni na kutu ya majani, magonjwa mawili yanayomlazimisha mkulima kupiga dawa mara kwa mara. Mche hauna kioo wala mlio wa kuvutia, na utasubiri miaka mitatu hivi kabla haujatoa mavuno ya maana. Lakini utaokoa gharama ya dawa kila mwaka baada ya hapo.

Kifaa cha pili ni kipima unyevu. Kahawa inatakiwa ikauke hadi unyevu wa asilimia 11 au 12. Ikizidi huota ukungu ghalani. Ikikaushwa mno hupoteza uzito na kupasuka mashineni. Si lazima kila kaya iwe nacho. Chama cha msingi kikinunua kimoja kizuri, wanachama mia wanakitumia, na ubishi wa kuuma punje kwa meno unakwisha.

MAZOEZI: NANI ANAHITAJI SAA YA HATUA?

Sasa tuje kwenye biashara ya afya, ambayo imeshamiri. Saa zinazohesabu hatua huuzwa kwa ahadi kwamba mtu lazima afikishe hatua 10,000 kwa siku. Wasomaji wa ukurasa wa biashara wajue namba hiyo ilikotoka. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliingiza sokoni kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa Manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina la bidhaa. Maabara hazikuwa zimeipima. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka.

Mama aliyepanda kilima na kikapu cha kahawa mgongoni au kichwani amemaliza dakika hizo kabla ya Jumatano. Mvuvi aliyepiga kasia usiku hahitaji kuambiwa na saa kwamba mikono yake imefanya kazi. Saa hiyo ina mteja wake halali: mwenye duka, karani, dereva wa bodaboda na mwandishi wa magazeti, watu wanaokaa kutwa. Hawa hata bila saa wanaweza kutembea nusu saa kwa siku, siku tano, kwa gharama ya soli za viatu.

Mikanda ya kuyeyusha kitambi tunaitupilia mbali. Inayotoa jasho inatoa maji, na ukinywa maji uzito unarudi. Inayotetemeka inatetemesha tu.

Kinachostahili fedha ni mashine ya kupima shinikizo la damu inayovikwa juu ya kiwiko. Shinikizo la damu halina kelele. Mtu hujiona mzima hadi siku anapoanguka. Kaa kitini dakika tano, mkono uwe usawa wa moyo, kisha pima. Ikisoma 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti tofauti, nenda zahanati. Mashine moja inatosha ukoo mzima, au kikundi cha kuweka na kukopa.

Wanaopenda kuogelea ziwani wasisahau kichocho, ugonjwa unaobebwa na konokono wa majini na kupenya ngozini, hasa kwenye maji tulivu yenye majani. Una dawa, nayo hutolewa vituo vya afya. Mamba nao wapo, na kwao hakuna kidonge.

BURUDANI: RAHA YA BEI NAFUU

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Leo kijana wa Liuli anatazama mpira wa Uingereza moja kwa moja. Ni maendeleo, na sisi tunayafurahia. Swali ni nani alipe. King'amuzi cha nyumbani kina ada ya kila mwezi, na ada ni mdudu anayekula hata siku usizotazama. Kwa shabiki wa mechi moja kwa wiki, kiingilio cha kibanda cha video ni nafuu. Kwa mwenye kibanda, runinga na king'amuzi ni mtaji. Kifaa kile kile kwa mmoja ni matumizi, kwa mwingine ni duka.

Vifurushi vya intaneti navyo vina tabia hiyo. Filamu moja yenye picha safi inaweza kumeza kifurushi cha wiki. Pakua mara moja, weka kwenye kadi, tazameni wote.

Na kabla ya kusema kijijini hakuna burudani, tazama mganda. Ngoma hii ya ukanda wa Nyasa ilienea baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vijana wakiiga gwaride na bendi za askari. Tarumbeta za shaba hawakuwa nazo, wakatumia vibuyu vinavyoimbiwa ndani, vikiwa na utando mwembamba unaotetema. Sauti inatoka ya bendi nzima. Kifaa hakichajiwi, hakina ada ya mwezi, na kikipasuka shamba linaotesha kingine. Kijana mwenye simu nzuri na mkono uliotulia anaweza kurekodi mganda, kioda na harusi akalipwa. Hapo simu imevuka mstari, imetoka upande wa raha na kuingia upande wa kipato.

MPANGILIO TUNAOUSHAURI

Kwa kaya ya mlimani yenye fedha ya msimu mkononi, ukurasa huu unashauri hivi. Kwanza tenga ada ya shule na mbolea ya miezi ya Januari na Februari, kwa kuwa pengo hilo ndilo mlango wa magoma. Pili, miche bora na gharama ya kuitunza. Tatu, taa na chaji ya umeme wa jua kwa hesabu iliyotajwa juu. Nne, simu isiyozidi uwezo. Runinga, spika na saa zije baadaye, kwa fedha iliyobaki.

Kwa mvuvi, jaketi liwe la kwanza, taa ya LED ya pili, chanja ya tatu, na nyingine zifuate.

Kwa vyama vya msingi na vikundi, nunueni kwa pamoja vile ambavyo mtu mmoja hawezi: kipima unyevu, mashine ya shinikizo la damu, mizani iliyohakikiwa. Na kwa wachuuzi wanaopanda mlima wakati wa msimu, karibuni Mbinga. Soko lipo na fedha ipo. Ila mjue kuwa safari hii huenda mnunuzi akaja na futi ya kupimia paneli, akabonyeza *#06#, na kuwauliza bei kwa kilo za kahawa.